Tamati ya Wimbo wa Jogoo

Mlandege, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naishika miguu yako kutoka huku ng'ambo, na namwomba dada Mwajuma akusomee polepole, asiruke mstari hata pale atakapotaka kucheka. Magoti yanaendeleaje? Ukuta wa jikoni umeshakandikwa? Na jogoo wako, bado anawika adhuhuri na kulala alfajiri? Mimi ni mzima, na cherehani nzima. Pilau la Idi nililila kwa jirani, lakini walipoleta ukoko nilinawa mikono, kwa kuwa ukoko ulikuwa haki ya Hamadi.

Mama, leo nakuandikia habari za Seif.

Ndiye yule mwimbaji wa chama chetu cha michezo, aliyekuwa akija kula kwetu wakati mdogo wangu yu hai. Hamadi alipofariki, Seif hakufika mazikoni. Alisema ana mazoezi. Arubaini haijafika, akaanza kuimba wimbo wa jogoo maharusini na kuwaambia watu, "Utungo wangu huu." Wimbo wa Hamadi, mama, aliomtungia jogoo wako! Nilimfuata nikamwuliza kwa upole. Akacheka.

"Maiti haimbi, Athumani."

Neno lile nililichukua nikawa nalilea moyoni kama mtoto.

Basi mwezi huu chama kikafanya usiku wa mambo ya kale. Kiongozi wetu alisikia kwamba Wazungu katika klabu yao huvaa nguo za babu zao wakaimba nyimbo za zamani na kufanya vichekesho, na mtangazaji akagonga meza kwa nyundo ya mbao kila mchezo unapoanza. Akasema, "Kwani sisi hatuna babu?" Nguo zote nilishona mimi. Joho la Seif nililishona vizuri kuliko yote, nikalizungushia uzi wa dhahabu. Nilitaka siku hiyo kila mtu amwone.

Ukumbi ulijaa, wanawake wamekaa juu. Mtangazaji, mzee mwenye kilemba kikubwa, akagonga nyundo: "Mabibi na mabwana, bulbuli wa Unguja!" Seif akaimba. Aliimba vizuri, sitasema uongo. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Akainama, akataka kushuka jukwaani.

Nikasimama kule nyuma nikasema, "Bado tamati!"

Unawajua watu wa huku. Wimbo usio na tamati, ule ubeti wa mwisho ambamo mtunzi hujitaja jina, kwao ni kama dua isiyo na amin. Wakadakia wote, "Tamati! Tamati!" Seif hakuwa nayo. Hamadi hakuiimba mbele za watu hata siku moja, maana jina lako limo, na aliona haya kumtaja mamaake jukwaani. Alikuwa akiniimbia mimi tu, huku akinishikia kitambaa nikate.

Mzee wa nyundo akauliza, "Haya, bwana Seif, jogoo mwenyewe wa nani?"

"Wa... wa kwetu, nyumbani."

Bibi mmoja akapaza sauti kutoka juu: "We Seif! Kwenu si Shangani, ghorofa ya tatu? Huyo jogoo anawikia dirishani?"

"Labda kapanga chumba!" akajibu mwenzake.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Seif jasho likamtiririka mpaka kwenye ule uzi wangu wa dhahabu. Hapo nikaimba mimi, kwa sauti yangu hii mbaya uliyokuwa ukiniambia nisiadhini nayo. Uniwie radhi, mama, nimelitaja jina lako mbele ya watu:

*Tamati hapa nakoma, Hamadi naweka chini,*
*Jogoo wa Bi Salama, mama yangu wa Pangani,*
*Siku akiwika vyema, nitakuwako nyumbani.*

Hakucheka mtu. Mzee akaiweka nyundo mezani taratibu, akasema, "Mungu amrehemu Hamadi." Ukumbi mzima ukaitika amin. Na Seif ikambidi aitike, mama, amesimama peke yake pale jukwaani, ndani ya joho langu. Sijapata kula halua tamu kama amin ile.

Sasa hakuna harusi inayomwita. Akipita Darajani, watoto wanawika. Watu wananiambia nimwonee huruma. Nimeitafuta hiyo huruma, sijaiona.

Juzi alikuja dukani, macho chini. "Kaka Athumani, nisamehe."

Nikamwambia, "Mimi si mwenye haki. Mwenye haki yuko Pangani."

Nisalimie mjomba aliyetufundisha kuogelea, na shangazi, mwambie kanzu ya mjukuu wake iko tayari. Mwajuma naye nimemwekea kanga. Kaburi la Hamadi nimelipanda mrehani na umeshika.

Seif anavuka wiki ijayo kuja kukuomba radhi. Akifika, mpe maji, maana ni mgeni. Jibu usimpe. Mwekee mkeka uani, umwambie asubiri mpaka jogoo awike alfajiri sawasawa, kama alivyosema Hamadi. Akishawika hivyo, ndipo umsamehe.

Wewe unamjua jogoo wako.

Mimi mwanao uliyebaki naye,
Athumani