Dawa Kutoka Kinywa cha Mtu

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Za Mama umpe peke yake, kwa sauti ya juu, maana najua sikio lake la kushoto lilishastaafu. Goti lako linaendeleaje? Usiniambie bado unalipaka mafuta ya taa. Mimi ni mzima wa mwili, nakula, nalala.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, kwa sababu ukiwaambia watu kwamba mdogo wako yuko kwenye utafiti wanadhani nashinda nikitazama darubini. Dada, mimi natazama vinywa. Tuna watu wapatao mia mbili wanaotaka kuacha unga wa kulevya, na kila asubuhi wanakuja kunywa dawa ya maji ya kuwatuliza arosto, yale mateso ya mwili unapoudai unga wake. Wakubwa wanataka kujua ni wangapi watadumu mwaka mzima. Mimi ni nesi wa dirishani. Namimina, mtu anameza mbele yangu, anashushia maji, kisha lazima aseme neno kwa sauti na kupanua mdomo, nihakikishe hakubakiza kitu. Vinywa mia mbili kabla ya saa nne! Meno yameoza mpaka kwenye fizi, ulimi una utando kama maziwa yaliyoganda, na pumzi zao zinakufanya uichukie chai yako. Kioo nakipangusa mara tatu na bado kinanata mate.

Mtafiti mkuu naye ananitia kinyaa kwa namna yake. Hawasogelei wagonjwa. Anapita koridoni kajiziba pua kwa leso iliyopigwa pasi, anawaita “washiriki” tu, na mshiriki akifa anaandikwa kwamba hakuendelea. Juzi karani wa kumbukumbu aliuliza kama aongeze sababu ya kutoendelea. Akajibiwa kwamba fomu haina nafasi hiyo.

Sasa nije kwenye lile uliloniandikia. Unasema Mama amegawa godoro la mdogo wetu Kobe, huyo huyo tuliyempa jina hilo kwa sababu alikuwa akimaliza kula wenzake wameshalala, na kwamba hataki atajwe tena nyumbani. Anasema mtu aliyefikishiwa tiba mpaka mlangoni akaikataa, amejichagulia mwenyewe. Barua hiyo nimeisoma mara nne.

Jumanne nilitoka kumwaga ndoo ya taka nyuma ya vyoo. Nikamkuta mgonjwa mmoja tunayemwita Spika, kwa kuwa kila akimaliza dawa hutoa hotuba nzima dirishani. Asubuhi hiyo alikuwa amenung'unika tu, na mimi, kwa kuchoshwa na pumzi yake, nilimpungia mkono apite bila kumchungulia. Kumbe dawa alikuwa nayo shavuni. Aliitema kwenye kifuniko cha chupa, akampa mtu aliyechuchumaa kando ya ukuta. Mtu huyo alikuwa Kobe. Alikipokea kifuniko kwa mikono miwili, akanywa dawa pamoja na makohozi, akazungusha kidole ndani, akakilamba. Hakuniona. Nilitapikia kwenye ndoo yangu mwenyewe.

Kesho yake nilimbana Spika. Akaniambia kwamba Kobe ana wiki saba hajagusa unga, na kwamba bila huo mgao wa shavuni arosto ingekuwa imeshamrudisha huko. Akaniomba nisimshitaki, akasema mtu akitaka kupona hachagui kikombe.

Dada, kaa chini kwanza. Kobe hakukataa tiba. Nilimkataa mimi.

Miezi mitatu iliyopita alisimama mbele ya dirisha langu ananuka mkojo, kidonda cha mguuni kinatoa usaha. Kanuni haimruhusu ndugu wa mfanyakazi kuingia kwenye utafiti, naye aliijua, maana aliniamkia kama mtu baki, shikamoo nesi, akajitaja kwa jina la kubuni. Alichotaka ni ninyamaze tu. Mwenzangu wa dirisha la pili alimwingiza mjomba wake na dunia haikuanguka. Mimi niliinuka, nikaenda kwa mtafiti mkuu, nikamwambia yule ni mdogo wangu. Wakamtoa. Kikaoni nikapigiwa makofi kwa uaminifu, nikapewa na cheti, kile kile nilichokutumia picha yake ukawaonyesha majirani. Uaminifu gani? Nilishindwa tu kufikiria kukichungulia kinywa kile kila asubuhi mwaka mzima. Halafu nikawaandikia ninyi nyumbani kwamba amekataa, ili asiniulize mtu.

Leo nimeacha kazi. Karani amenihakikishia kwamba nisipokuwa mfanyakazi, kanuni ile haimhusu tena Kobe. Uandikishaji unafungwa Ijumaa ijayo, zimebaki nafasi mbili, na hapa hakuna kliniki nyingine inayotoa dawa hii. Siku hizi mgonjwa lazima aletwe na ndugu yake. Akiniona mimi anakimbia, na ana haki. Njoo wewe. Lakini kabla hujapanda gari, mweleze Mama kila kitu, usinifichie hata kidogo.

Usidhani nimelainika. Bado ananitia kichefuchefu. Ninalolijua ni kwamba kifuniko kile nilimshikisha mimi.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie nimemkumbuka. Mama usimpe salamu zangu nyingine mpaka amalize kukasirika, kisha uniandikie kama bado anazitaka. Kobe analala nyuma ya tangi la maji, ubavuni mwa ukuta wa kliniki. Mfikie alfajiri, Dada, kabla Spika hajapata zamu yake dirishani, ili siku hiyo Kobe asinywe kutoka kinywani mwa mtu.

Ni mimi,
mdogo wako.