Jiwe Lililogawanywa kwa Nyundo

Papa,

Nakuandikia na hasira, usinikaripie. Ndugu zako wamevunja jiwe lako.

Siku ya kumaliza matanga walikutana hapa nyumbani, Mulongwe, kugawana vitu vyako, kama desturi ilivyo. Koti, baisikeli, redio, hivyo niliwaachia. Kisha baba mudogo akafungua sanduku lako akatoa ile kristali kubwa, vidole vyote vya jiwe vimesimama juu ya shina moja. Kila mmoja aliitaka. Basi, ili pasiwe na ugomvi, wakachukua nyundo yako mwenyewe, ile aliyokuachia mzungu wa madini alipokimbilia Usumbura, ng'ambo ya ziwa, baada ya uhuru, wakaipasua kristali pale sakafuni. Eti kila mtu apate fungu lake. Minye sikupata hata chembe, kwa kuwa mtoto mwanamke ataolewa.

Watu wazima na akili zao, wanagawana kristali kama nyama ya mbuzi!

Wangejua wapi? Weye ulinifundisha minye, si wao. Uliweka sahani ya maji ya chumvi dirishani, ukamkataza mama asiisogeze, hata kufagia karibu ulikataa. Maji yakakauka, chumvi ikabaki ya pembe nne, safi. Ukaniambia chini ya milima yetu iko vilevile: maji ya moto yamebeba jiwe ndani yake kama chai inavyobeba sukari, yanapanda kwenye ufa, yanapoa polepole, na jiwe linajijenga kidogo kidogo, pande sita. Likikosa nafasi, au likiharakishwa, halipati umbo.

Na waasi walipoingia Uvira, si walifungua sanduku hilohilo? Yule mwenye bunduki aliinua jiwe kwenye mwanga, akaligeuza, akalirudisha taratibu. "Funika vizuri," akaniambia. Tukakimbilia milimani nalo, homa ikakuua kule kwa kukosa dawa, nalo likarudi zima. Vita vililiacha, Papa. Damu yako ndiyo imelivunja. Hilo linanichoma hadi leo.

Sasa sikiliza. Jumapili baba mudogo amekuja tena. Mfanyabiashara amemwambia vipande havina kazi, anataka jiwe zima. Akakaa kwenye kiti chako, akaniita mama kwa sauti tamu, akauliza shimo ulimolitoa liko wapi, maana amesikia ulinipeleka.

Nikamwambia, "Baba mudogo, Papa alikufa bila kunionyesha."

Nimedanganya muntu mukubwa, tena kwa jina lako. Ulinichapa kwa uongo mdogo kuliko huo. Huu sitautubu.

Kiangazi kikifika nitapanda mlimani kwenye shimo peke yangu. Zile kristali ndogo tulizoziacha ukutani mwa shimo sitazigusa. Nitaziba mdomo wa shimo kwa mawe na udongo, nipande majani juu, na sitamwambia hata mume nitakayempata. Pumzika, Papa. Wachungaji watapitisha ng'ombe hapo juu, na ng'ombe watakula.

Mwanao,
Nabintu