Siri Yako Niliyoitunza, Zai

Zai,

Nimepita. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Mkaguzi alitia sahihi mwezi uliopita, na sasa leseni yangu inasema naweza kuwa rubani msaidizi kwenye ile ndege ya propela mbili tuliyoisoma mimi na wewe mpaka tukawa tunaiota. Nilipotoka kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza urubani, nilienda chooni nikanawa uso, nikavua tai, kisha nikaketi nje na kutoa simu nikupigie. Nilikuwa nimeshabonyeza jina lako ndipo nikakumbuka.

Ni miezi mitano sasa na bado nafanya hivyo.

Nakuandikia hapa Kawangware, kwenye chumba changu. Ile picha kubwa ya vifaa vya rubani bado iko ukutani ulipoibandika. Tulikuwa tunakaa mbele yake kwenye stuli mbili, wewe kushoto, mimi kulia, tunagusa swichi za karatasi na kuitikiana, mmoja anasoma orodha, mwingine anathibitisha. Jirani yangu Mama Kevo aliniuliza siku moja kama tumeingia dini mpya. Ulicheka hadi ukashika tumbo. Ukamwambia ndiyo, Mama, na sadaka tunatoa kwa mafuta ya ndege.

Kampuni ilitupanga pamoja kwa sababu mafunzo haya hufanywa wawili wawili. Mtu hapiti peke yake. Hilo ulilijua, na mimi nililijua vizuri zaidi, kama utakavyoona.

Siku ile mtaani Kisumu Ndogo siisahau. Tulikuwa tunatoka kwenu Kambi Muru, jua linawaka, nawe ukasimama ghafla mbele ya mama mmoja muuza omena ukaomba kukaa kwenye benchi lake. Ulifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Ukaniambia kichwa kinakupasuka na jicho hilo halioni vizuri, na kwamba haikuwa mara ya kwanza. Yule mama alikuletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Nilisema twende hospitali. Ukanishika mkono.

"Wambui, usimwambie mtu. Daktari akijua ataninyima cheti cha afya, na bila hicho sirushi hata karatasi. Nikimaliza kozi nitaenda, naapa."

Nikakubali. Watu wote niliowasimulia wamesema nilikubali kwa sababu nilikupenda, na ni kweli nilikupenda. Lakini Zai, kuna lingine ambalo sijamwandikia mtu. Pale kwenye benchi, wewe umeinama, mimi nilikuwa nawaza kwamba ukisimamishwa nitabaki bila mwenzangu, nitaambiwa ningoje kundi lingine, labda mwaka mzima. Nilikaa kimya kwa ajili yako. Nilikaa kimya kwa ajili yangu pia. Sijui sababu ipi ilikuwa nzito zaidi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Asubuhi ya siku yetu ya tatu kwenye simuleta hukuja. Mkufunzi wetu, Kapteni Mutiso, aliangalia saa mara mbili. Halafu mamako akanipigia. Ulikuwa unapiga pasi shati la kazi, akasikia kitu kimeanguka, akadhani ni pasi. Hospitalini walisema mshipa umepasuka ndani ya kichwa. Ulizikwa siku hiyo hiyo kabla ya Alasiri. Wanaume walikubeba, nami nikabaki ndani na wanawake, kitambaa nilichoazimwa kichwani, sijui nikae vipi, sijui niitikie wapi. Mamako alinikumbatia mbele yao wote akasema huyu ni mwanangu mwingine. Na mimi nikanyamaza tena.

Baada ya wiki moja walinirudisha kwenye simuleta. Kapteni Mutiso mwenyewe alikaa kwenye kiti chako. Tukapaa, magurudumu yametoka tu ardhini, akaizima injini ya kulia. Ndege ikavuta upande, mguu wangu wa kushoto ukakanyaga kama tulivyofundishwa, mkono ukajua la kufanya. Ila mdomo ukasema, "Zai, orodha." Nikasema tena. Nilikuwa nakungoja, Zai. Nikangoja mpaka mwendo ukaisha na ndege ikaanza kuanguka, ndipo akaisimamisha mashine, picha ya uwanja ikaganda mbele yetu.

Hakunifokea. Alisema, "Aliyekufa hawezi kukusomea orodha. Aliye hapa ni mimi, na nyuma yako kuna watu sabini."

Nikamwambia yote hapo hapo, mikanda bado imetufunga. Benchi, jicho, ulichoniomba. Alivua miwani akaifuta kwa tai. Nilidhani atanifukuza. Mwishowe alisema ataripoti, kisha mimi nitasimama mbele ya kundi jipya niwaeleze, bila kujipamba. Nikasimama. Lakini sikuwaambia lile la pili, la mimi kuogopa kungoja mwaka. Ni kwako tu nimelisema. Baadaye kijana mmoja alibaki darasani akaninong'oneza kwamba wakati mwingine moyo wake unaruka mapigo, anapata kizunguzungu. Nilimpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, mguu kwa mguu. Wamemsimamisha mpaka atibiwe. Siku hizi tukikutana anapita kando yangu bila salamu. Simlaumu. Wewe pia ungenichukia, na ungekuwa hai.

Sasa la mamako.

Nilienda nilipopita mtihani, maana nilijiambia siwezi kuruka na jambo hilo tumboni. Alifurahi kuniona. Alinipikia gurusa, ile mikate yenu myembamba, akazipanga kwenye sahani yenu ya maua, akauliza kama nimekonda kwa kusoma. Nikamwambia kabla sijaonja, maana nilijua nikila chakula chake sitaweza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akazima jiko.

"Ulijua muda gani?"

"Wiki sita, Mama."

Alirudia hiyo wiki sita kwa sauti ndogo, kama anayejaribu neno la lugha ngeni. Kisha akasema, "Mimi nililala naye chumba kimoja sikujua. Ningejua ningembeba mgongoni. Wewe ulijua." Hakulia. Aliinuka akafungua mlango, akasimama pembeni mpaka nikatoka. Ile sahani niliiacha imejaa.

Nimerudi Ijumaa tatu tangu hapo. Nabisha, nataja jina langu, nasikia ndala zake zikija mpaka karibu na mlango halafu zinarudi. Majirani wameshanizoea. Mmoja aliniambia nimwache mama wa watu apumzike, na huenda ana haki. Nimelifikiria sana. Lakini naona nikiacha nitakuwa nimenyamaza mara ya tatu.

Kesho, Alhamisi, naanza na abiria wa kweli. Lodwar kwenda na kurudi. Naogopa, na sina wa kumwambia naogopa. Nakuahidi jambo moja, Zai, na hili silisemi kwa kuwa umekufa, ningekuambia hata ukiwa umenikasirikia hapa mbele yangu: mtu yeyote atakayekaa kiti cha pembeni na kuniambia usiseme, nitasema. Atanichukia, na iwe hivyo.

Nisamehe, ukiweza kusamehe huko uliko. Sikuombi uharakishe. Pumzika, rafiki yangu. Mungu akupe nafasi pana kuliko chumba hiki tulichobanana.

Keshokutwa ni Ijumaa. Nitaenda kubisha.

Wambui