Burhani, Bei ya Gesi na Posa ya Turffontein

Bertrams,
Johannesburg.
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Biubwa,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umekaa penye upepo mzuri na magoti yamekupa nafasi ya kupumua. Yanaendeleaje? Na yule daktari amekupa jibu gani? Hapa sote wazima, alhamdulillahi. Baridi ya mwaka huu imekuja na meno. Alfajiri bomba la maji la uani linatema barafu kwanza, maji baadaye. Wifi yako Mwanaidi anakusalimu sana. Kanga ulizomtumia amegoma kuzivaa mpaka joto lirudi, anasema hakuzipokea ili azifiche chini ya sweta.

Leo ni sikukuu ya wanawake huku, maduka mengi yamefungwa. Nimeoka nusu tu, nikamaliza mapema, ndiyo nimepata nafasi ya kushika kalamu. Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Dada, nakujua na najijua. Kwenye simu ungelia, nami ningesema "basi yaishe," na jambo hili haliwezi kuisha namna hiyo. Nimempata mtu wa huko kwenu Makorora anayeondoka na basi wiki ijayo. Atakuletea barua hii mkononi, pamoja na dawa yako ya kuchua.

Sauti uliyonitumia nimeisikia. Umeniambia mwanao Burhani amepata mchumba, Samira, binti wa Mzee Adamu wa Turffontein, na kwamba kwa kuwa baba yake ametangulia mbele ya haki, mimi mjomba wake ndiye nivae kanzu mwishoni mwa mwezi ujao nikapeleke posa. Ni haki yako kuniomba. Ungeniomba mwezi wa tano, kanzu ingekuwa imeshapigwa pasi. Leo siwezi kukujibu kabla sijakueleza alichonifanyia mwanao, maana najua yeye hajakueleza.

Unajua tanuri zangu zinatumia gesi. Si hiyo ya mitungi mliyonayo ninyi. Hii inakuja kwa bomba chini ya ardhi, kutoka Msumbiji mpaka hapa mjini. Inavuka mpaka bila pasipoti na bila kuulizwa na polisi, bahati ambayo sisi hatukuipata. Mitungi ingenigharimu karibu mara mbili, na umeme wa huku ni wa kubahatisha. Katika kila randi mia ninayouza, gesi inachukua kumi na tisa. Miaka mitano nyuma ilikuwa ikichukua kumi na moja. Ikifika ishirini na tano nazima tanuri moja, na tanuri moja ni watu watatu na watoto wao.

Sasa, kampuni yenye bomba haipandishi bei kwa kujisikia tu. Sheria inaitaka ipeleke kwa mamlaka ya nishati makaratasi ya kuonyesha gesi imeinunua kwa kiasi gani, bomba limetengenezwa kwa kiasi gani, na yenyewe inabaki na faida gani. Makaratasi hayo yako wazi, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuyaangalia na kuyapinga. Mwaka juzi ndiyo yaliyotuokoa. Ilionekana tunalipishwa matengenezo ya bomba la mtaa ambao gesi yake ilishakatwa kabisa. Bei ikashuka. Haikushuka sana, lakini ilishuka, na mimi katika nchi hii sijaona kitu kingine kikishuka bei.

Mwaka huu mamlaka ikatangaza kwamba makaratasi yamezidi, yanaichosha kampuni, kwa hiyo inafikiria kuyapunguza: uwe unapelekwa muhtasari tu, kurasa chache, kila baada ya miaka mitatu. Wananchi wakaalikwa watoe maoni, kwa maandishi na kwa mdomo, kwenye kikao cha hadhara Randburg. Basi sisi tunaoishi kwa gesi hapa mtaani tukawa tunakutana mezani kwangu jioni za Jumapili. Yupo Gaston, Mkongo mwenye udobi hapo ng'ambo ya barabara. Yupo Marcelline, Mkongo pia, mwenye mgahawa mlango wa tatu kutoka kwangu. Na wengine wachache.

Burhani naye alikuwepo. Wewe unajua desturi yetu, mtoto wa nyumbani hafukuzwi watu wazima wakizungumza. Anamimina kahawa, anapitisha tende, anasikia. Nilijua ameajiriwa na ofisi fulani ya washauri. Washauri hao wanamshauri nani, sikujua na sikumwuliza. Utamwulizaje mtoto uliyemlea, "wewe uko upande wa nani?" Tena alikuwa akiuliza maswali mazuri: "Mjomba, na wakisema hivi mtawajibu nini?" Nami nikavimba kichwa. Nikamwambia Gaston, "Unamwona huyu? Akili ya mwanasheria hiyo." Gaston akacheka, "Papa Bakiri, huyu umulipe mushahara." Kumbe mshahara alikuwa nao tayari.

Huyo Gaston ndiye mwenye maneno katika kundi letu. Jioni moja alisema bei bila karatasi ni kama nyama bila mizani, muuzaji anakuambia ni kilo, nawe unabaki kumwangalia macho. Tulicheka mpaka Marcelline akamwaga kahawa.

Siku ya kikao tulifunga maduka tukaenda. Nilivaa koti langu la Idi. Wakaanza watu wa kampuni. Akasimama Burhani, suti ya kijivu, tai shingoni, akashika maikrofoni. Wallahi dada, nilidhani amekosea kiti.

Alizungumza Kiingereza kilekile nilichompeleka shule akajifunze. Kila hoja tuliyoipanga aliitaja yeye kwanza, akaivunja kabla hatujaifungua. Ile ya bomba la mtaa uliokatwa, akasema lilikuwa kosa dogo, likarekebishwa, haifai kwa kosa moja kubebesha watu mafaili miaka yote. Kisha akatabasamu, akasema watatokea watu wawaambie kwamba bei bila karatasi ni kama nyama bila mizani. Ukumbi ukacheka.

Gaston hakucheka. Alinigeukia polepole.

"Ile maneno ni ya kwangu," akasema. "Nilisemea ile kwa meza yako. Ulimutuma?"

"Gaston, naapa kwa Mungu..."

"Unamuuliza nini tena?" Marcelline akanikata, akimwambia Gaston. "Mutoto iko kule na kravati, baba iko huku na sisi. Familia inakula fasi mbili, huku na kule."

Nilitaka kumjibu, lakini Burhani alikuwa hajamaliza. Akasema, nami nakuandikia kama nilivyomsikia: mimi mwenyewe nimelelewa nyumbani kwa mwoka mikate, mtu mchapakazi, na katika miaka yote hiyo sijamwona akiyasoma makaratasi haya hata mara moja.

Ni kweli, dada. Sikuyasoma. Hesabu naiweza, lakini Kiingereza cha mawakili kinanishinda. Alikuwa akinisomea yeye. Tangu yuko sekondari, amekaa juu ya gunia la unga, anasoma mstari, ananigeuzia kwa Kiswahili, nami napiga hesabu. Kwa hiyo hakusema uongo. Aliuchukua ukweli akaukata katikati, akauza nusu.

Jina langu likaitwa. Wenzangu walikuwa wamenichagua niseme kwa niaba yao. Nikasimama. Ningeweza kusema mbele ya ukumbi mzima: aliyenisomea ni wewe. Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi. Lakini niliyekuwa namtazama ni mtoto wako, na wewe na mimi hatukulelewa kumvua nguo mtu wa damu yetu mbele ya wageni. Nikataja jina langu, nikasema naoka mikate Bertrams, nikasema tunaomba makaratasi yabaki. Nikakaa. Walionichagua wakaona wazi nimenunuliwa, kwani ni nani mwenye akili timamu anayefunga duka na kwenda hadi Randburg kusema sentensi tatu?

Uamuzi wa mamlaka bado haujatoka. Wa mtaa ulishatoka. Marcelline sasa ananunua mikate kwa Mreno wa Rosettenville. Anaisafirisha mji mzima ili tu anipite mimi. Gaston ananisalimia kwa kichwa, mdomo ameufunga. Mtu mmoja msikitini aliniuliza, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, kama kweli kampuni imenipa tanuri mpya.

Mwanaidi anasema nisamehe, kijana anatafuta maisha. Nimemwambia sina ugomvi na kazi yake. Mimi nilikuja hapa na begi moja, nikalala juu ya magunia ya mtu, nitamlaumuje anayetafuta? Angeniambia tu, "Mjomba, hawa ndio wanaonilipa, nisikae hapa," ningempelekea kahawa yake chumba cha pili, mambo yakaisha. Hakusema. Alikaa, akapitisha tende.

*

Jumatatu.

Dada, juzi nilikomea hapo kwa sababu mlango uligongwa, na aliyegonga ni yeye. Nilifurahi, sikufichi. Nilidhani amekuja kwa lile ninalolingoja. Mkononi ana boksi la keki ya dukani. Keki! Ananiletea mimi!

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Mjomba, najua umekasirika kwa ajili ya bei. Nimeshalishughulikia. Nimezungumza na wakubwa, watakupa bei maalumu, ya chini kabisa, miaka mitatu. Wewe peke yako. Eish, haikuwa rahisi."

"Na Gaston?"

"Gaston ana nini?"

Nilimtazama nione kama ananitania. Hatanii.

"Burhani, nikiichukua bei hiyo, kila walichokisema juu yangu kinakuwa kweli."

"Mjomba, huwezi kuubeba mtaa mzima."

"Sijakuambia tuubebe. Nakuomba uvuke barabara tu. Umwambie Gaston, kwa mdomo wako, kwamba sikukutuma."

Akaangalia viatu vyake. "Siwezi. Nikikiri kwamba nilikuwa nakaa kwenye vikao vyenu, kesho atalipeleka ofisini. Nitafukuzwa kazi."

"Kwa hiyo afadhali nifukuzwe mimi mtaani?"

"Wewe umeshakuwa mtu mzima hapa, watu wanakujua. Watasahau."

Kisha akanywa chai yake, akafuta mdomo, akaniuliza: "Na Turffontein tutakwenda siku gani?"

Dada yangu, ningeweza kukuandikia kurasa kumi za hasira, lakini swali hilo ndilo lililonimaliza. Hakuliuliza kwa ubaya. Aliliuliza kama mtoto anayeuliza chakula cha jioni ni nini.

Mzee Adamu ni mtu ninayemheshimu. Alinikuta baada ya sala ya Ijumaa, akanishika bega, akasema, "Bakiri, nikikuona wewe mlangoni sina swali la pili." Hapa mjini mimi sina ukoo, sina shahada ya shule. Nilichonacho ni kwamba nikisema jambo, watu wanalichukua kama lilivyo. Nimelijenga hilo kwa miaka mingi kuliko nilivyolijenga duka. Sasa niende kwa mtu huyo nimwambie kijana wetu ni mwaminifu, siri ya nyumba ikiwa mikononi mwake iko salama? Nitamdanganya mtu aliyeniamini. Au nimwambie kweli? Nitamwaibisha mtoto wako, nikuaibishe nawe.

Kwa hiyo sitakwenda.

Bei yao maalumu nimeikataa. Boksi la keki limeliwa na wafanyakazi. Mzee Adamu sitamwambia kitu juu ya Burhani, jema wala baya. Nitamwambia tu wazee wa upande wa baba ndio watakaokuja kuzungumza naye. Mpigie baba yake mdogo wa Pangani mapema. Kama safari ni ngumu, azungumze na Mzee Adamu kwa simu. Siku hizi posa nyingi zinafungwa hivyo na ndoa zinadumu. Mahari ikipungua, niambie wewe, usipitie kwa Burhani. Hilo ni lako na langu.

Kama kabla ya siku hiyo atavuka barabara akamwambie Gaston, basi kanzu nitaivaa na nitatangulia mbele. Sikumwambia hivyo kama sharti la biashara. Nilimwambia akiwa anaondoka, ili ajue mlango upo. Na kwangu hajafukuzwa: akija atakula, akichelewa atalala, kitanda chake hakijaguswa. Ila wakija watu wa kuzungumza, nitalazimika kumwambia atupishe, na sijui nitalitamkaje neno hilo, maana sijawahi kulitamka kwake.

Usimpigie simu ukamlilia. Na usinilaumu mpaka umeisoma barua hii mara ya pili.

Dawa uichue jioni, ukishaoga, kisha ufunge magoti kwa kitambaa cha joto. Nikiwa na hasira na mwanao, dawa yako haimo. Nisalimie Bi Mwanamvua jirani yako, wajukuu wote, na wale wanaoniulizia pale barazani. Waambie niko, bado naoka. Mwanaidi anakubusu mikono.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akuweke mpaka tuonane uso kwa uso, atuondolee hili lililoingia kati yetu. Namwombea Burhani ndoa ya heri, kwa moyo mweupe kabisa. Samira namwombea mara mbili.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye leo kama jana,

Bakiri