Diski Iliyotaka Kufutwa

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mgongo umekuachia, wifi hajambo, na yule binti yenu bado anasema hadi usingizini. Mimi ni mzima kabisa, na leo sisemi hivyo kwa kuwa ndivyo barua zinavyoanza. Wiki hii nimefanya kazi nzuri, na sioni haya kujisifu kwako.

Unajua huu ni mwaka wa tatu narekodi video katika shule ya watoto viziwi. Mwalimu wao wa lugha ya alama, mama mtu mzima tunayemwita Vidole, hukaa mbele ya kamera akaonyesha neno moja moja, nami nakata na kuhifadhi. Tumefikisha maneno elfu moja na mia mbili. Yote yalikuwa ndani ya kompyuta, na nakala yake kwenye diski ya nje, ndogo kama kipande cha sabuni. Mwalimu mwenyewe ni kiziwi, na siku hizi vidole vimeanza kukakamaa kwa baridi yabisi. Maneno mengi ya mwanzo hawezi tena kuyarudia.

Jumanne asubuhi skrini ikawa bluu, kisha kompyuta ikafa. Fundi akaja, akasema diski ya ndani haina uhai, akaweka nyingine na mfumo mpya. Hatukubabaika, nakala si tunayo? Nikachomeka ile ya nje. Taa ikawaka, ikanguruma kidogo, halafu ukatokea ujumbe kwamba diski haisomeki, lazima ifomatiwe, yaani ifutwe yote ndipo itumike.

Fundi akaniambia nibonyeze ndiyo tu, watu wanafanya hivyo kila siku. Nilipokawia, akanyoosha mkono kwenye kipanya mwenyewe. Nikamdaka.

“Ukibonyeza hapo,” nikamwambia, “utakaa wewe mbele ya kamera miaka mitatu.”

Akacheka, lakini mkono akauondoa. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Hasikii, ila nyuso zetu alikwisha kuzisoma. Akaniuliza kwa alama kama kazi imekwenda. Nikamjibu bado, anipe mpaka saa sita mchana.

Basi nikakaa kitako. Nikabadilisha waya, wapi! Nikahamia tundu la nyuma, yaleyale. Mwishowe nikachomeka flashi yangu ya nyimbo, niliyokuwa nikiisikiliza asubuhi hiyohiyo, na mashine ikataka kuifomati nayo. Kaka, nilipiga meza kwa furaha mpaka fundi akashtuka. Kama inazikataa zote mbili, basi mgonjwa si diski, mgonjwa ni mashine! Nikafungua orodha ya vifaa, nikakuta alama ya njano ya mshangao kwenye mstari wa matundu yale. Draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kitu kilichochomekwa, haikuwa yake. Fundi alikuwa ameitoa kwenye sidii ya kompyuta nyingine. Nikaiondoa, nikapakua iliyo sahihi kwenye tovuti ya watengenezaji, nikazima na kuwasha. Fundi alikuwa ameshavuta kiti karibu, anaandika kila hatua kiganjani kwa kalamu.

Nikachomeka diski. Mafaili yote yakajipanga mbele yetu.

Nikamwita mwalimu, nikamwonyesha video ya kwanza kabisa, yeye mwenyewe, vidole vyepesi, akionyesha neno “maji”. Alijitazama muda mrefu. Kisha akaniambia kwa alama kwamba alikuwa amesahau jinsi mikono yake ilivyokuwa mizuri. Akaniuliza nilijuaje kwamba nisibonyeze. Nikamdanganya kuwa nilisoma mahali.

Wewe sitakudanganya. Nilijua kwa sababu niliwahi kubonyeza.

Mwaka ule nilipokuwa nakaa kwenu, niliichukua diski yenu ya picha za binti yenu bila ruhusa, nikitaka kuhamishia filamu. Ukaja ujumbe huohuo, nami kwa haraka zangu nikabonyeza ndiyo. Nilipoona kilichotokea, nikairudisha kwenye droo kimya kimya. Ukamshuku wifi kwa kuwa yeye ndiye aliyeishika mwisho. Mkanuniana wiki nzima, nami katikati yenu mezani, nikipokea chumvi huku na kuipeleka kule kama tarishi. Mpaka leo kitu kikipotea humo ndani unamtania, “Kama zile picha.” Wifi hucheka. Mimi huwa najifanya naosha vyombo.

Sasa nisikilize vizuri. Nilichokifanya siku ile kilikuwa kufomati kwa haraka, na kufomati huko hufuta orodha tu. Picha zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Wifi aliwahi kuniambia hakuitumia tena wala hakuwa na moyo wa kuitupa. Msiichomeke popote. Ifungeni vizuri kwenye kitambaa, nitakuja kuichukua Jumamosi. Siwezi kukuahidi kwamba zote zitarudi, lakini naijua kazi yangu, na nyingi nadhani nitazipata.

Ila hata isipopatikana moja, barua hii msomee wifi leo, kwa sauti, usiruke mstari. Kumwomba radhi nitamwomba mwenyewe, ana kwa ana, na anijibu atakavyo.

Nisalimie wote hapo nyumbani, ila anza na yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba