Buni Zisizo na Sauti

Nyumbani kwa Temam,
Limu Genet, Jimma.
9 Januari

Mpendwa mdogo wangu Lubaba,

Assalaam aleikum. U hali gani, na baridi ya huko Minesota imepunguza ukali? Shemeji bado anakohoa? Wanao natumaini wanakua vizuri na hawakusumbui kuliko ulivyotusumbua wewe. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mavuno yamekwisha, mgongo ndio bado unadai haki yake.

Barua yako imefika. Unasema dukani kahawa imepangwa rafu nzima, iliyokaangwa kidogo, wastani, na sana. Ulinunua nyeusi ikawa mkaa mtupu, ukanunua ya rangi hafifu ikakuchachukia mdomoni, na sasa umehamia chai. Mtoto wa Limu kuamkia chai, hiyo ni aibu ya ukoo. Tuimalize leo.

Buni zikiwa kwenye kaango hulia mara mbili. Mlio wa kwanza ni mkubwa, kama bisi. Ukiziipua hapo rangi yake ni ya mdalasini, na kikombe kitakuwa na uchachu wa ndimu na harufu ya maua. Hiyo ni ya mtu anayekunywa kahawa tupu, taratibu. Ukizingoja kidogo baada ya mlio ule kunyamaza, uchachu unarudi nyuma, utamu unakuja mbele. Ukifika mlio wa pili, mdogo, wa vijiti vikavu kuvunjika, mafuta yanatoka, buni zinang'aa, na unakunywa uchungu na moshi. Usiidharau, hiyo inavumilia maziwa. Ila ukishazifikisha huko, buni za Limu na za kwingine zote zinafanana.

Wewe tangu utotoni ulikuwa unalamba sukari ya wageni, na ndimu hukuipenda hata kwenye nyama. Nunua ya wastani. Nunua kidogo, onja bila maziwa kwanza, na usikubali mwenye duka akuchagulie. Ulimi ni wako.

Nimeeleza kirefu kwa sababu miezi hii nimeyasomea haya kwa uchungu. Tangu mvua zilipokatika, kahawa ya mama ilikuwa nyeusi tii. Ndiyo, mama yetu, ambaye wanawake wa mtaa mzima huleta binti zao wamtazame akikaanga. Tukainywa na kuisifu. Jirani yetu Aba Oli, asiyewahi kuondoka kabla ya kikombe cha tatu, akawa anaaga baada ya cha kwanza, eti ng'ombe wanamsubiri. Ng'ombe wenyewe aliwauza mwaka juzi.

Wifi yetu Kemeria akaniita jikoni. "Wifi, mama amechoka. Arusi ya Nejat nitakaanga mimi, yeye akae na wageni." Nejat ni binti yake, ana haki ya kusema. Kaka yetu Temam akanyamaza, na kunyamaza kwa Temam unakujua, ameshakubali. Lakini Lubaba, mama akiondolewa kwenye lile kaango atakuwa mgeni nyumbani mwake. Nikasema si mimi nikiwa hai.

Asubuhi moja nikaketi naye jikoni. Buni zikaanza kulia, pa, pa, pa, hadi kuku wakageuza shingo. Mama anakoroga tu. Zikalia mara ya pili, moshi ukajaa. Ndipo akaniuliza, "Medina, buni za mwaka huu zina nini? Mbona hazina sauti?"

Nilitoka nje nikalia. Kisha nikarudi, liwalo na liwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa tunamfichia mwenyewe maradhi yake. Nikakaa mbele ya uso wake, nikapaza sauti.

"Mama, zinalia. Wewe ndiye husikii."

Akanitazama sana. "Na kahawa?"

"Inaungua. Tangu mvua zikatike."

"Na mlikuwa mnanisifu?"

"Tulikuwa tunakusifu."

"Basi mmenitukana kwa adabu," akasema, akageukia ukuta.

Siku tatu hakunisemesha. Ya nne akanivuta mkono hadi jikoni. "Keti. Zikilia, niguse bega." Nikawa namgusa, naye anaitazama rangi, anauvuta moshi kwa kiganja, anakariri. Mwanzoni aliziipua mbichi, kahawa ikanuka majani. Kemeria akacheka. "Cheka, mwanangu," mama akamwambia, "meno yapate hewa." Kesho yake tukaanza tena, na keshokutwa, wiki tano nzima.

Siku ya arusi, Alhamisi iliyopita, Kemeria alisimama kando na mwiko wake tayari. Mimi nilikaa mbali, mikono nimeikalia nisije nikamgusa mama. Zikalia. Hakusikia kitu. Akauvuta moshi, akatazama, akangoja hadi nikatamani kupiga kelele. Kisha akaipua. Rangi ileile ya tangu tuko wadogo. Kemeria mwenyewe akalichukua kaango kuwapitishia wageni wanuse, na kwa haki yake niseme, alikuwa na machozi. Aba Oli alikunywa vitatu akaomba cha nne. Nilimuuliza ng'ombe wako wapi, akajifanya hasikii.

Ukimpigia mama simu naye akajibu "alhamdulillahi" kwa kila swali, usidhani amekukasirikia. Temam na Kemeria wanakusalimu, na Nejat na mumewe wanauliza utakuja lini. Mama amenisimamia hapa niandike maneno yake bila kupunguza: "Mwambie masikio yangu yamestaafu. Pua na macho bado viko kazini. Aje kabla navyo havijaomba ruhusa."

Mungu akulinde ugenini, akurudishe ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye,
Medina