Chimbeni Mfereji, Msingoje Mashine Yangu

Uswidi,
Mwezi wa Tano, 1976

Baba yangu mpendwa,

Mwakeye, Baba. Naanza na salamu ya nyumbani kwa sababu huku hakuna wa kuniitikia. Mimi ni mzima. Kikohozi cha baridi kilichonishika mwanzo wa mwaka kimeniachia, na theluji imekwisha. Mgongo wako unasemaje? Na goti la Mama, bado linamsumbua akipandisha maji kutoka bondeni? Maharage je, mmevuna? Nijibu yote hayo, maana katika barua yako hukugusa hata moja.

Sikulaumu lakini. Barua yenyewe nimeisoma mara nne. Umeandika: "Mimi baba yako nimeandika mwenyewe, hakuna mtu aliyenishika mkono." Baba, nililia pale pale mlangoni, watu wanapita. Juzi juzi tu ulikuwa unazunguka kijiji kizima cha Kitanga na barua yangu mfukoni kutafuta wa kukusomea. Mwambie mwalimu wa kisomo cha watu wazima kwamba mwanafunzi wake amefaulu, hata kama mistari yake inapanda na kushuka kama njia ya Kasulu. Na juu ya bahasha nikaona umeandika "Kwa Fundi Zakaria." Hilo nitalirudia.

Nilipofika ukurasa wa pili furaha ilinitoka. Unasema barua yangu ya Desemba uliisoma mbele ya mkutano wa kijiji, na mwenyekiti akauliza, "Mzee, mashine hiyo inatoa maji kweli?" Nawe ukamjibu, "Mwanangu ni fundi, hasemi uongo. Ameandika maji safi ya kunywa." Basi watu wakaweka majembe chini. Mfereji wa kuleta maji kutoka chemchemi ya mahame yetu umesimama nusu ya njia, na mnaningoja nije na mashine.

Baba, msiningoje. Chimbeni. Kiangazi ndicho hiki, na mvua za kwanza zikianguka kila mtu atakimbilia mahindi yake, tope lirudi kujaza kile mlichokwisha kuchimba. Tangu mlipohamishiwa barabarani na kuiacha chemchemi kule juu, Mama anashuka bondeni mara tatu kwa siku. Sitaki ashuke mwaka mwingine kwa ajili ya maneno yangu.

Kuanzia hapa uwasomee mkutanoni, polepole kama ulivyofundishwa.

Kifaa nilichowaandikia kinaitwa seli ya fueli. Mnazijua betri za redio. Chakula chake kimo tumboni mwake. Kikiisha imekufa, na hata ukiianika juani itaimba wimbo mmoja inyamaze. Seli hii hailishwi mara moja tu. Inaletewa chakula kutoka nje, na kadiri unavyoiletea, umeme unatoka. Chakula chake ni gesi mbili: haidrojeni upande huu, oksijeni upande ule. Katikati kuna mabamba mawili na majimaji makali. Majimaji hayo ni ndugu wa maji ya majivu wanayochuja akina mama kupikia maharage, ila haya yakikugusa yanachubua ngozi. Nina alama kwenye kidole gumba.

Gesi hizo ukizichanganya na kuwasha kiberiti, zinalipuka. Ndani ya seli haziwaki. Haidrojeni ikifika kwenye bamba lake inaachia chembe ndogo za umeme. Chembe hizo haziwezi kupita katika yale majimaji. Ni kama pale Malagarasi, watu wanavuka kwa mtumbwi lakini ng'ombe lazima wazungushwe hadi darajani. Daraja la chembe hizi ni waya, na wakati zinazunguka kwenye waya ndipo sisi tunazitumikisha: taa inawaka, bila moshi na bila mlio. Zikifika upande wa pili, kazi ya gesi zile mbili inakamilika, na kinachobaki ni maji. Wale waliokwenda mwezini walitumia seli za namna hii kupata umeme, na maji yake waliyanywa. Hilo niliandika na ni kweli.

Sasa yale ambayo sikuandika. Haidrojeni haiokotwi. Huku inaletwa na lori ndani ya mitungi ya chuma, nayo imetengenezwa kwa mafuta yale yale yaliyopanda bei dunia nzima, au kwa kuyapasua maji kwa umeme. Maana yake ili seli ikupe umeme, lazima kwanza mtu awe ameutumia umeme au mafuta mahali pengine. Mabamba yake yamepakwa platinamu, madini ya thamani yanayofungiwa kabatini. Niliandika pia kwamba inakula hewa. Si kweli. Hewa hii ya kawaida inaiharibu, mpaka isafishwe kwanza, maana ndani yake mna ile gesi tunayoitoa tukipumua. Wataalamu wanatafuta njia ya kuyarekebisha hayo yote, na huenda wajukuu zetu wakaiona seli hii huko Kasulu. Kiangazi hiki haiji.

Na maji yenyewe: seli yetu ikifanya kazi tangu asubuhi hadi jioni, inatoa gilasi moja ya chai. Moja. Kujaza debe moja mtangoja miezi mitatu.

Nilimweleza habari za mfereji Mama Ingrid, mkuu wa maabara yetu, mwanamke mtu mzima asiyecheka ovyo. Akaniuliza, "Hiyo chemchemi iko chini ya kijiji au juu?"

"Juu."

"Hukauka?"

"Haijakauka tangu babu yangu."

Akavua miwani yake, akanitazama. "Maji yanataka kushuka yenyewe, nanyi mnangoja mashine? Zakaria, waandikie leo."

Mkutano uishie hapo. Yanayofuata ni yako peke yako.

Baba, mimi si fundi. Nilikuja kujifunza ufundi wa maabara, hilo unalijua, lakini lugha imenishinda kuliko nilivyotegemea, na darasani nimerudishwa nyuma mwaka mzima. Kwa sasa kazi yangu ni kuosha vyombo vya kioo, kufuta meza, na kuandika kwenye daftari sindano ya mita inaposimama kila nusu saa. Ile mashine sijaifungua hata parafujo moja. Desemba ile jua lilikuwa linachungulia kidogo tu mchana na kuzama, nilikuwa na upweke ulionila mpaka mifupa, nikaona niandike jambo la kukufurahisha. Nikaandika "tunatengeneza." Ile "sisi" ilikuwa ya kujipandisha. Sikujua kwamba neno langu lingewatoa watu majembe mikononi. Naona aibu, Baba, na aibu kubwa zaidi ni kwamba ulisimama mbele ya wenzako kunitetea.

Nimeiacha barua hii siku mbili, na leo nimeisoma tena. Naona nimekosea mahali. Wakisikia habari za haidrojeni na platinamu peke yake, watasema, "Fundi wetu atapata njia, tumngoje." Nawajua. Wewe pia utasema hivyo moyoni, nakujua zaidi. Kwa hiyo futa pale nilipoandika yako peke yako. Wasomee yote mpaka mwisho, na jina langu ulisome kama nilivyoliandika. Watacheka, waache wacheke. Kisha nenda kwenye kipande cha mfereji kilichopangiwa nyumba yetu, pale dada yangu Veneranda anapofunga mbuzi kwenye vigingi vya mfereji, umwambie awahamishe mbuzi wake, nawe upige jembe la kwanza wao wakiangalia. Moja linatosha, mgongo wako usiumie. Mengine watapiga.

Mama mpe salamu za mtoto wake anayekula mkate mweusi na kuota ugali wa muhogo. Mwenyekiti mwambie kosa ni langu, si la mzee wangu. Mwalimu wa kisomo namshukuru sana, maana bila yeye barua hii angekusomea mtu mwingine, na nisingethubutu kuiandika.

Ni mimi mwanao,

Zakaria,
mwosha vyombo